Jukwaa la Baba Daisy

Kabla sijawa dereva wa Glenn Ackersley nilikuwa nimemchukia miaka mingi, tena kwa sababu nzuri. Alikuwa beki wa kati wa timu moja ya mji wa viwanda huko kaskazini mwa Uingereza, timu isiyopata kikombe hata siku moja, na kila timu niliyoishabikia ilipokwenda kucheza kwao, yeye ndiye aliyeniharibia Jumamosi. Sisi tulikuwa Webuye, Kenya, kwenye kibanda cha Mzee Oloo cha kuonyesha mpira, tumebanana kwenye mabenchi, tunamtukana mpaka sauti zinakauka. Hakuwa na mbio. Hakuwa na madoido. Straika wetu akigeukia kushoto anamkuta pale, akigeukia kulia anamkuta tena, na safari hiyo anamkuta kwa bega. Walimchana kichwa, akafungwa bendeji, akarudi. Makocha walikuja wakafukuzwa, wenzake wakauzwa, yeye akabaki. Mzee Oloo alikuwa akisema huyo mtu hatoki uwanjani mpaka kipenga, hata nyumba yake ikishika moto.

Basi siku meneja wa kampuni yetu ya magari hapa Doha aliponipa funguo na kuniambia nitakuwa namchukua mchezaji mmoja Mwingereza kutoka Lusail, nimpeleke mazoezini na kumrudisha, sikuuliza jina. Nilingoja chini ya jengo lake, akatoka mtu ameinamisha kichwa asigonge mlango, nikayatambua yale mabega. Nilitaka kumwambia kwamba ana deni langu la Jumamosi nyingi. Badala yake nikamfungulia mlango wa nyuma kama ilivyo kazi, naye akaufunga, akazunguka, akaketi mbele karibu na mimi.

Timu yake ya kwao haikuwa imemwongezea mkataba. Alikuwa ameichezea tangu utotoni, hajui kazi nyingine, na umri wake ulikuwa ule ambao mchezaji anaanza kuitwa mzee na watoto anaocheza nao. Klabu moja ndogo ya daraja la pili hapa ikamchukua. Wakampa nyumba juu kabisa kwenye mnara, mahali ambapo ukisimama dirishani unaona bahari yote na humwoni mtu. Aliniambia chakula hakina ladha huko juu. Kwa hiyo tukitoka mazoezini tulipitia mtaani kwetu, Fereej Bin Mahmoud, napiga honi mbele ya duka la chai, tunaletewa karak, chai ya maziwa na viungo, kwenye vikombe vya karatasi, naye anakula mkate wake ndani ya gari huku anatazama watu wakipita. Kiingereza chake kilikuwa kizito, cha puani, na hapa nakigeuza jinsi nilivyokielewa.

Mimi nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilinichekesha, kwa sababu mtu wa kuonewa huruma nilikuwa ni mimi. Chumba chetu kilikuwa cha vitanda vya ghorofa, na pazia langu la kitanda ndiyo nyumba yangu yote. Jijini nilikuwa sadiki, yaani rafiki kwa Kiarabu, au Kenya, au dreva. Kule nyumbani mimi ni Baba Shaun. Hapa hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuniita hivyo, maana Shaun mwenyewe alikuwa Webuye kwa mama yangu, na simu zetu zilikuwa za kukatwa. Sheria ya kwanza ya udereva hapa ni kwamba abiria akifika, simu inakufa. Mtoto anaanza kunisimulia habari za shule, namwona abiria anatoka, namwambia nitakupigia. Amezoea. Siku hizi mara nyingi nikipiga, yeye ndiye anayeniambia kwanza, nitakupigia.

Sasa nieleze habari ya jukwaa, maana ndiyo iliyotufikisha pabaya. Mechi za daraja la pili hazina watu. Wenyeji wachache hukaa upande wa kivuli, wanakunywa kahawa, basi. Ili uwanja usionekane kaburi, kulikuwa na mkandarasi ambaye Ijumaa hutuma basi kukusanya walinzi na wafagiaji walio kwenye mapumziko, akawapa jezi, posho na sanduku la biriani, akawaketisha upande wa jua washangilie. Kipenga kikilia wanavua jezi, zinarudi kwenye gunia, basi linaondoka. Simcheki mtu. Mimi mwenyewe nimewahi kwenda kwa ajili ya ile biriani.

Kiongozi wa jukwaa alikuwa Eugene, mlinzi, tuliyelala naye chumba kimoja, yeye kitanda cha juu. Alikuwa na ngoma na sauti ya kuamsha mtaa. Shida yake ilikuwa jina: Ackersley haiimbiki, ukiiingiza kwenye wimbo inakwama kooni. Akaniuliza kama yule mzungu wangu ana mtoto. Nikasema nimeona kachorwa jina la Daisy kwenye kifundo cha mkono, bila shaka ni bintiye. Eugene akapiga kofi la furaha. Kwetu mtu mzima humwiti jina lake kavu hadharani, unamwita kwa mtoto wake, ndiyo heshima, na hakuna aliyefikiri mara mbili.

Ijumaa hiyo nilikuwa jukwaani pamoja nao. Ngoma ikaanza, na watu wote wale wakaimba, "Baba Daisy! Hapiti mtu! Baba Daisy! Hapiti mtu!" Nilimwona Glenn anasimama. Mpira ulikuwa unakuja kwake, mpira wa kawaida ambao angeuondoa akiwa usingizini, naye amegeuza uso anatutazama sisi. Straika akampita, akafunga. Katika miaka yote ya kumchukia sikuwahi kumwona akifanya vile, na sikufurahi hata kidogo.

Tuliondoka, tukafika kwenye chai. Ndipo akaniuliza, pole pole, ni nani aliyewapa jina la binti yake, na walikuwa wanamwambia nini. Nikamweleza yote: kwamba nimelitoa mimi, kwamba maana yake ni baba wa Daisy, kwamba mwanamume akipata mtoto kwetu jina lake la zamani linaachwa kwa wazazi wake na wenzake wa utotoni. Sikumwambia habari ya basi na biriani. Hakuuliza, na mimi nikajifanya sioni kwamba pangefaa kusema.

Akaniambia kwamba Daisy hamwiti baba. Alikuwa ameachana na mama wa Daisy zamani, na mama huyo akaugua. Asubuhi moja Daisy, akiwa bado msichana wa shule, alimpigia simu kutoka hospitali akamwambia njoo sasa hivi. Siku hiyo timu ilikuwa inapigania isishuke daraja. Akasema atakuja baada ya kipenga. Alicheza mpaka mwisho, timu ikabaki kwenye ligi, mashabiki wakambeba mabegani, na alipofika hospitali alikuta kitanda kimetandikwa upya na Daisy ameketi pembeni peke yake. Tangu siku hiyo alimwita Glenn, tena kwa nadra.

"Maisha yangu yote watu wamenisifu kwa sababu sitoki," akasema. "Yeye ndiye anayejua hasara yake."

Halafu akaniuliza mimi naitwa nani kwa desturi hiyo. Nikamwambia. Kuanzia siku hiyo akaniita Baba Shaun, kwa matamshi ya ajabu, lakini aliniita. Nilikuwa nageuza uso dirishani kila mara asinione, kwa sababu nilifurahi kama mtoto.

Mechi iliyofuata alitulia, akacheza vizuri, na aliniomba nichukue video ya jukwaa. Nikachukua. Walikuwa wamejaa upande mzima, jezi zinang'aa, ngoma inalia, jina la Daisy linapanda angani. Akaitazama ndani ya gari zaidi ya mara moja, kisha akamtumia bintiye, na chini yake akaandika tu kwamba hawa watu wanaimba jina lako. Jibu lilichelewa. Alikuwa akiitazama simu kila taa nyekundu. Lilipokuja alinipa nisome mwenyewe, kana kwamba haamini macho yake. Daisy alisema anataka kuwasikia kwa masikio yake. Angekuja kwa mechi ya mwisho ya msimu, na ya mwisho ya baba yake kabla ya kustaafu, kisha angeona kama wana la kuzungumza.

Glenn alicheka peke yake njia yote mpaka Lusail. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, na kilikuwa kinakuja kwa ndege.

Jumanne ya wiki ya mechi hiyo Eugene alikuwa anapiga pasi sare yake, akaniambia bila kuinua kichwa, "Boss, Ijumaa hakuna basi. Mkandarasi ameambiwa hiyo game haina maana, hakuna anayepanda, hakuna anayeshuka. Jezi zimerudishwa stoo."

Nilimweleza kwamba binti anatoka Uingereza kwa ajili ya jukwaa hilo. Nikamweleza habari ya hospitali. Alisikitika kweli, aliweka pasi chini. Lakini akasema wiki nzima yuko mlangoni kwenye jua, na Ijumaa ndiyo off yake moja.

"Si wewe ndiye ulitunga wimbo?" nikamuuliza.

"Nilitunga nikiwa kazini, Reuben. Chukua ngoma kama unataka."

Nilikasirika nikachukua ngoma kweli. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp la Wakenya. Asubuhi ya Ijumaa, maana hapa ibada ni siku ya mapumziko, nikaenda kanisani, na baada ya ibada nikasimama nje langoni nikiwaomba watu mmoja mmoja kama mgombea udiwani. Walikubali. Manesi walikubali, madereva wenzangu walikubali, hata mchungaji alisema atajaribu. Simu yangu ilijaa vidole gumba. Nami, Mkenya mzima, niliyezaliwa na kulelewa na watu wanaosema niko njiani wakiwa bado bafuni, niliamini vile vidole gumba. Kwa hiyo sikumwambia Glenn kitu.

Daisy alikuwa amefika Alhamisi. Uwanja wa ndege Glenn alikuwa amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, ukosi umepinda. Binti akatoka, mrefu, mabega yale yale. Akampa mkono. "Habari, Glenn," akasema, kama mtu anayesalimia meneja wa benki. Ndani ya gari wote wawili walikaa nyuma, na katikati yao mkoba wake.

Siku ya mechi nilimpeleka Glenn mapema, nikarudi kumchukua Daisy, nikampandisha upande wa jua. Viti vya plastiki vilikuwa vinachoma. Jukwaa zima lilikuwa letu, mimi, yeye na ngoma ya Eugene. Nikamwambia wenzangu wako njiani. Nikatazama simu: tuko njiani, tuko njiani, tumekwama kwenye foleni. Timu zikatoka. Glenn aliinua uso kututafuta, akamwona bintiye, akainua mkono. Kisha akatazama viti vingine vyote, na mkono ukashuka polepole.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kirefu kuliko mwaka. Uwanja ulikuwa kimya hivi kwamba ulisikia wachezaji wakikohoa. Nilisikia aibu mpaka miguuni. Kipindi cha pili nikaona afadhali nichekwe, nikasimama, nikapiga ngoma na kuimba, "Baba Daisy! Hapiti mtu!" Mimi sijui kupiga ngoma. Mlio ulienda mpaka upande wa kivuli ukarudi peke yake, na wazee wale wa kahawa wakageuka kunitazama. Glenn hakugeuka. Aliendelea kucheza, shingo imeingia mabegani.

"Wako wapi wale watu?" Daisy akaniuliza.

Sikuwa na uwongo uliobaki. Nikamwambia walikuwa wanaletwa kwa basi na kulipwa, na leo hakuna basi. Nikamwambia baba yake hajui, alidhani wanampenda. Alikunja uso. Akasema hivyo ndivyo ilivyo, amevuka nusu ya dunia kuja kukaa peke yake pembeni akimngoja Glenn amalize mpira, kama siku zote.

Nikasema hilo jina halikulipiwa. Wimbo ulilipiwa, jina hapana. Nikamweleza tunavyoitana, na kwamba Eugene aliponiuliza, nilikuwa nimeshaona lile jina limechorwa kwenye mkono wa baba yake, mahali ambapo wengine huvaa saa. Alimtafuta Glenn uwanjani kwa macho.

"Na mimi?" akauliza. "Kwa desturi yenu mimi ningemwitaje?"

"Wewe? Wewe unamwita baba tu. Ni sisi wengine ndio tunapitia kwako."

Nilidhani nimesema jambo zuri. Macho yake yakajaa maji, akachukua mkoba wake, akasimama, akaanza kushuka ngazi kuelekea njia ya kutokea. Zilikuwa zimebaki dakika chache. Nilimfuata nikimsihi angoje kipenga, na neno hilo likanitoka kabla sijajua ninachosema. Akanigeukia akaniambia aliwahi kukingoja kipenga.

Nilitazama uwanjani kwa sababu nilishindwa kumtazama yeye. Timu pinzani ilikuwa na mpira, inakuja kwa kasi, winga anakimbia pembeni. Glenn alikuwa mahali pake, katikati, mikono imetanuliwa, anawapanga wenzake kama nilivyomwona akifanya maisha yangu yote kwenye televisheni ya Mzee Oloo. Akageuza kichwa upande wetu. Alimwona Daisy amebeba mkoba, amempa mgongo.

Akaacha mahali pake. Kwanza nilidhani anakwenda kumkaba winga, lakini alimpita winga bila kumtazama. Kipa wake alimpigia kelele. Alivuka mstari wa pembeni huku mpira bado unachezwa, akatembea moja kwa moja kwenye uzio wa chini ya jukwaa letu, na nyuma yake, katika ile nafasi aliyoiacha wazi, mtu akapita peke yake akafunga bao. Hakugeuka hata kuona ni nani. Refa alikuja akimfuata na kadi ya njano mkononi, kwa sababu sheria ni sheria, akafika karibu, akaona uso wake, akairudisha kadi mfukoni.

Alishika uzio kwa mikono yote miwili, anahema. Hakuita. Nadhani hakujua amwite nani, kwa haki gani. Nikapiga ile ngoma pigo moja, kwa kiganja, kwa sababu mimi pia sikujua la kufanya. Daisy akageuka. Alimtazama baba yake, akautazama mpira umelala wavuni, akawatazama wachezaji wote wamesimama wameduwaa, na nikaona anaelewa kwamba kipenga bado hakijalia.

Alishuka zile ngazi mbio, mkoba ukaanguka, hakuuokota. Alimwita kwa lile neno lao fupi la Kiingereza, dedi, kwa sauti ndogo ya mtoto, na akaliita tena alipofika kwenye uzio. Nilishuka nyuma yake nikauokota mkoba, nikauweka kwenye kiti cha kwanza ambapo angeuona, nikabeba ngoma nikatoka. Palikuwa si mahali pangu tena.

Niliketi garini pale maegeshoni. Simu ilikuwa bado inapokea ujumbe wa watu walio njiani. Huo ulikuwa mwisho wa msimu, na kesho yake wale wawili wangepanda ndege, na Jumapili meneja angenipa abiria mwingine wa kukaa nyuma, ambaye angeniita dreva. Nililijua hilo tangu zamani lakini jioni ile liliniuma. Nikapiga nyumbani.

Alipokea mama yangu. Nyuma yake nilisikia mpira unagonga ukuta, unagonga, unagonga. Nikaomba nizungumze na Shaun, naye mama akamwita, na nikamsikia kwa mbali akijibu, bila ubaya wowote, mwambie nitampigia. Nilikitambua kile kisauti. Ni changu.

"Usikate," nikamwambia mama. "Weka simu hapo dirishani. Mwambie baba yake anangoja mpaka amalize."

Mama akauliza kama sina kazi. Nikasema iweke tu. Basi nikakaa nikisikiliza mpira wa mwanangu ukigonga ukuta wa Webuye. Ukasimama kidogo, ukaanza tena, ukasimama. Kupitia kioo niliwaona Glenn na Daisy wanatoka langoni, baba amembebea binti mkoba, wanakuja moja kwa moja kwenye gari. Walifika. Glenn akaweka mkono kwenye mlango wa mbele.

Nikamwinulia kiganja kupitia dirisha, angoje. Aliiona simu sikioni mwangu. Akaondoa mkono mlangoni, akamwambia bintiye kitu, wakaegemea gari wote wawili, wakangoja.

"Baba?" Shaun akasema kwenye simu. "Kwani abiria hajafika?"

"Amefika," nikamwambia. "Haya, niambie habari za shule."